Maswali ya Wasomaji: Kiangazi Karibu na Nyumbani

Barua zilizofika mezani pangu mwezi huu zilikuwa kama zimeagizana. Karibu zote zinauliza namna ya kuzitumia siku za joto bila safari ndefu, na nyingi zinataja sanamu, michoro ya ukutani au nakshi za vigae ambazo waandishi wake huzipita kila siku wakielekea kwenye shughuli nyingine. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Mwaka huu familia yetu haisafiri. Likizo ya kiangazi ni wiki tano, na hapa tunapoishi hapana cha kutazama isipokuwa mchoro mmoja mkubwa kwenye ukuta wa jengo la umma na sanamu iliyo katikati ya bustani, ambayo nimeipita kwa miaka tisa. Marafiki wananishauri nifanye utalii wa nyumbani, lakini sioni nitatalii nini katika kitu ninachokijua tayari. — *Asiyesafiri*

JIBU: Neno lililonisimamisha katika barua yako ni "ninachokijua". Kuipita sanamu kwa miaka tisa ni jambo moja, na kuijua ni jambo jingine. Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi na penseli, uichore sanamu hiyo kwa kumbukumbu tu: inaelekea upande gani, mkono upi umeinuliwa, imesimama juu ya nini, kimo chake ni cha watu wangapi. Usijali ubora wa mchoro, kwa kuwa si lazima auone mtu mwingine. Kisha nenda nao bustanini ukaulinganishe na sanamu yenyewe. Niliwahi kulifanya jaribio hili kwa sanamu niliyodhani naifahamu vizuri, nikamchora mtu aliyeshika kitabu. Nilipofika nilikuta ameshika ndege, na ndege huyo alikuwa amenitazama kila asubuhi kwa miaka minne.

Msafiri aendaye mbali huiona kazi ya sanaa mara moja, katika saa ambayo ratiba yake imemfikisha pale na katika hali ya hewa aliyoikuta. Wewe una kitu ambacho yeye hawezi kukinunua, nacho ni uwezo wa kurudi. Fikiria sanamu iitwayo Cloud Gate, iliyoundwa na Anish Kapoor jijini Chicago na kukamilika mwaka 2006, ambayo wenyeji huiita Haragwe kutokana na umbo lake. Imeungwa kwa mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, na maungio yake yakasuguliwa hadi yakatoweka, kiasi kwamba uso wake wote umekuwa kioo kilichopinda. Kinachoonekana ndani yake ni mawingu, majengo na watu waliosimama mbele yake wakati huo. Mgeni huondoka na picha ya dakika moja, ilhali mkazi wa jirani anayo mawingu ya mwaka mzima. Sanamu ya kwenu huenda haing'ai hivyo, lakini nayo hubadilika kadiri mwanga unavyobadilika, na mabadiliko hayo huonwa na mtu wa karibu peke yake.

Basi katika wiki ya kwanza ya likizo nenda mara tatu: asubuhi mapema, adhuhuri na jioni. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita ubavuni mwa sanamu na kuacha vivuli vidogo katika kila mkwaruzo, hivyo utaona alama za patasi, makovu ya kuchomelea na mahali ambapo msanii alibonyeza udongo kwa kidole gumba kabla umbo halijamiminiwa madini. Jua la utosi huyafuta hayo yote na kuweka kivuli kizito chini ya nyusi, na ndiyo maana uso uleule huonekana mpole alfajiri na mkali saa sita mchana. Zunguka na nyuma pia, kwa maana mchongaji hakuuacha mgongo bure, na mara nyingi ni huko nyuma anakotia sahihi yake. Kwa mchoro wa ukutani, anza ukiwa mbali kiasi cha kuuona wote, kisha sogea polepole hadi sura zivunjike na kubaki rangi tupu. Wachoraji wengi wa kuta kubwa hupanua mchoro mdogo kwa kuugawa katika miraba, na pale ambapo rangi imelika, mistari ya miraba hiyo huweza kuchungulia.

Angalia pia imetengenezwa kwa kitu gani. Ikiwa ni bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, itakuwa imeanza kuvaa utando wa kijani au wa hudhurungi unaotokana na shaba kukutana na hewa, unyevu na gesi za mjini. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilikuwa na rangi ya shaba ilipofunuliwa, na ukijani tunaoujua leo ulikuja baadaye kwa miaka mingi ya hewa ya bahari. Sehemu zinazoguswa na watu hazipati utando huo, kwa sababu mikono huusugua kila siku. Katika Basilika la Mtakatifu Petro huko Vatican, mguu wa sanamu ya bronzi ya mtakatifu huyo umelainika na kupoteza umbo la vidole kutokana na mikono ya mahujaji wa karne nyingi. Kwa hiyo tafuta mahali panapong'aa kwenye sanamu yenu, na hapo ndipo utakapojua watoto hupanda wapi, wapita njia hushika wapi, na wapi hapana aliyewahi kufika.

Ikiwa ni ya chuma chenye kutu, usikimbilie kuandika barua ya malalamiko. Kipo chuma cha aina ya Cor-Ten kilichobuniwa kishike kutu juu tu, na kutu hiyo hugeuka ganda linalokilinda chuma cha ndani. Sanamu ya Picasso iliyosimamishwa Chicago mwaka 1967, yenye kimo cha mita 15 hivi, ni ya chuma hicho, na vivyo hivyo Angel of the North ya Antony Gormley nchini Uingereza, iliyokamilika mwaka 1998 na yenye mabawa ya mita 54 kutoka ncha hadi ncha.

Kibao cha maelezo kisome mwisho, ukishamaliza kutazama kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu mtu akishasoma maelezo huona yaliyoandikwa tu. Kisipokuwepo, uliza kwenye maktaba au ofisi ya mamlaka ya mji ni nani aliyeagiza kazi hiyo na kwa nini iliwekwa pale. Majibu huwa ya kuvutia kuliko unavyotarajia. Nchini Ufaransa, kwa mfano, tangu mwaka 1951 ulikuwapo utaratibu wa kutenga asilimia moja ya gharama za ujenzi wa shule kwa ajili ya sanaa, kisha majengo mengine ya umma yakafuata. Na mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1959. Huenda sanamu yenu ni asilimia moja ya jengo fulani lililo hatua chache kutoka hapo. Na kama unaamini kuwa hizo mbili ndizo kazi pekee za jirani, fungua ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo ina alama maalumu ya kazi za sanaa, uone watu wa kwenu wameweka alama wapi. Ikiwa hawajaweka, wiki ya pili ya likizo umeshaipatia kazi.

SWALI: Watoto wangu, wa miaka sita na kumi, wanataka kukaa nje kutwa nzima, nami naogopa jua. Saa zipi ni salama, na wafanye nini bustanini kisichogharimu fedha? — *Mama wa wawili*

JIBU: Mama, saa ya ukutani si kipimo kizuri, kwa sababu ziko nchi ambazo saa husogezwa mbele wakati wa kiangazi, na jua halifuati amri hiyo. Tumia kivuli. Kivuli cha mtoto kikiwa kirefu kuliko mtoto mwenyewe, jua liko chini na miale yake ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, imepungua. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, ni wakati wa kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga ngozi na, lililo bora zaidi, kuhamia chini ya mti. Mkipata taarifa ya hali ya hewa yenye kipimo cha miale hiyo, Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kuanzia kipimo cha 3. Kumbuka pia kwamba joto la hewa halifikii kilele pamoja na jua, kwa kuwa ardhi huendelea kupata moto baada ya adhuhuri, na mara nyingi saa tisa alasiri au baadaye kidogo ndiyo yenye joto kali zaidi. Asubuhi, kwa hiyo, ina faida mbili kwa pamoja.

Nasisitiza mti kuliko mwavuli au kibanda. Mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kama mvuke kupitia majani, na mvuke huo huondoka na joto, hivyo chini yake hapana kivuli tu bali hata hewa hupoa. Na jambo moja ambalo wazazi hulisahau: sanamu za chuma na mabembea ya chuma huweza kuunguza mkono wa mtoto yanapokuwa yamekaa juani. Gusa wewe kwanza kwa mgongo wa kiganja.

Kuhusu cha kufanya, jua lenyewe litumieni kama mchezo. Wape watoto chaki, waende asubuhi kwenye sanamu au nguzo yoyote yenye ncha, waweke alama ardhini pale ncha ya kivuli chake inapoishia na kuandika saa kando yake. Warudi kila baada ya saa moja, dakika mbili tu, kisha wakimbilie tena mtini. Jioni watakuwa na safu ya alama iliyopinda kama upinde, na kivuli kifupi kuliko vyote kitawaonyesha adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, ambayo huenda isilingane na saa sita ya simu yako. Mtoto wa miaka kumi atauliza kwa nini, nawe usimpe jibu upesi. Chaki ichorwe kwenye sakafu ya njia peke yake, wala si kwenye sanamu au msingi wake, kwa kuwa jiwe lenye vinyweleo hunywa rangi.

Maji pia ni sanaa pale mbunifu anapotaka. Huko Chicago ipo chemchemi iitwayo Crown Fountain, kazi ya Jaume Plensa ya mwaka 2004: minara miwili ya matofali ya kioo yenye kimo cha mita 15 hivi, inayoonyesha kwa zamu nyuso za wakazi wapatao 1,000 wa jiji hilo, na kila uso unapofikia kubana midomo, maji hububujika kutoka kinywani na kuwamwagikia watoto waliosimama chini. Naitaja kwa sababu inanikumbusha kosa la mabustani mengi, ambamo chemchemi huzungushiwa uzio na kibao cha "Usiguse". Kama ya kwenu inaruhusu kuchezewa, wakati wake ni huu. Lakini uliza kwanza kama maji husafishwa, na usiwaruhusu wayanywe.

SWALI: Nimepiga picha nzuri za michoro ya mtaani na ningependa kuzichapisha kwenye kadi za kuuza. Mwenzangu anasema kitu kilichoko hadharani ni cha wote. Je, ni kweli? — *Mpiga picha chipukizi*

JIBU: Mwenzako amechanganya mahali na mali. Ukuta uko hadharani, lakini mchoro huweza kuendelea kuwa chini ya hakimiliki ya aliyeuchora, na sheria hutofautiana sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Ujerumani inaruhusu kupiga na kutumia picha za kazi zilizowekwa hadharani kwa kudumu, hata kwa biashara. Uingereza inaruhusu kwa majengo na sanamu, lakini si kwa michoro ya ukutani. Marekani inaruhusu kwa majengo, wala hailegezi kwa sanamu; na Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2016, imeruhusu picha za majengo na sanamu kwa watu binafsi wasiofanya biashara. Picha za kumbukumbu zako nyumbani hazina tatizo popote ninapopajua, ila kadi za kuuza ni habari nyingine. Mtafute mchoraji, umwombe idhini kwa maandishi na ukubaliane naye mgawo. Wachoraji wa kuta wengi huweka sahihi pembeni kwa chini, na wengi hufurahi kuulizwa, kwa sababu wamezoea kutoulizwa.

SWALI: Mchoro wa mtaani kwetu umefifia, hasa rangi nyekundu na njano. Sisi vijana tuna muda msimu huu na tuna rangi zilizobaki kwenye ujenzi. Tunataka kuupaka upya kama zawadi kwa mtaa. Kuna ubaya? — *Vijana kumi na mmoja*

JIBU: Nia yenu ni njema, lakini wekeni brashi chini kwanza. Mchoro una mwenyewe, na mara nyingi ana haki juu ya kazi yake hata kama ukuta ni wa mtu mwingine. Marekani inayo sheria ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa dhidi ya kuharibiwa, na ilipata makali yake katika kesi ya 5Pointz, jengo la Queens, New York, lililokuwa limefunikwa kwa michoro ya wasanii wengi. Mwenye jengo aliipaka rangi nyeupe juu yake mwaka 2013, na mwaka 2018 hakimu akaamuru wasanii 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.7 hivi. Nyinyi hamtaki kufuta bali kufufua, nami naielewa tofauti hiyo. Hata hivyo, mchoro uliopakwa upya na mkono mwingine bila ya idhini ni mchoro mwingine, na aliyeuchora anaweza kuuona kama umefutwa.

Mumtafute msanii. Mwulizeni alitumia rangi gani na kama ukuta ulipakwa tabaka la kinga, kwa sababu rangi za ujenzi zilizobaki huenda zisishikane na zile za chini na zikabanduka magamba baada ya msimu mmoja wa mvua. Mwulizeni pia kama angependa kuusimamia ukarabati nyinyi mkiwa wasaidizi. Mji wa Philadelphia ulianza mpango wa michoro ya ukutani mwaka 1984, awali ukiwa njia ya kuwapa vijana waliokuwa wakichafua kuta kazi yenye heshima, na leo mji huo una michoro kwa maelfu. Wasanii wa huko hutumia mbinu moja ambayo ingewafaa sana: sehemu za mchoro hupakwa kwenye kitambaa chepesi mfano wa kile cha miavuli ya kurukia, ndani ya darasa au ukumbi, kisha vipande hubandikwa ukutani kwa gundi ya rangi hadi visijulikane kuwa ni kitambaa. Kwa njia hiyo hata asiyeweza kupanda jukwaa, au asiyelivumilia jua, hupata sehemu ya kupaka.

Sasa, kwa nini nyekundu na njano? Rangi hupata weusi au wekundu wake kutokana na chembe ndogo zinazomeza sehemu ya mwanga, na mwanga huohuo, hasa miale ya urujuanimno, huzivunja chembe hizo polepole. Zile zinazotokana na madini, kama udongo mwekundu wa kutu, huvumilia miaka mingi, ilhali nyingi za zile zinazong'aa sana, zinazotengenezwa kwa kemikali za asili ya kaboni, huchoka mapema. Ndiyo maana michoro ya zamani huishia kuwa ya samawati na kijivu. Upande wa ukuta nao una neno lake: kaskazini mwa ikweta ukuta unaoelekea kusini hupigwa na jua zaidi, na kusini mwa ikweta ni kinyume chake.

Mnaweza kuyaona haya kwa macho katika siku moja au mbili bila gharama. Chukueni karatasi za rangi iliyokoza, zile za bei nafuu ambazo watoto hukatia maua, muweke juu yake majani ya mti na kuyagandamiza kwa vijiwe, mkaziache juani. Mkiyaondoa majani, umbo lake litabaki limekoza huku sehemu nyingine imepauka. Jaribuni kwa rangi mbalimbali muone ipi hushindwa kwanza. Mkienda kuzungumza na msanii mkiwa na karatasi hizo mkononi, atajua kwamba hamkuja kumwomba ruhusa tu.

SWALI: Mwaka jana mamlaka ya mji wetu iliweka sanamu ambayo siipendi hata kidogo. Inafanana na vyuma vilivyoanguka kutoka kwenye lori. Nikisema, naambiwa sijaelimika. Je, nalazimika kuipenda? — *Mchukia vyuma*

JIBU: Hulazimiki, na anayekwambia hujaelimika hajakujibu. Kazi ya hadharani hutofautiana na ya jumba la makumbusho kwa jambo hili hasa: ya makumbusho huiendea kwa hiari, lakini ya hadharani hukujia wewe unapokwenda kazini, kwa hiyo una haki ya kuwa na maoni juu yake. Mnara wa Eiffel wenyewe ulipingwa na kundi la waandishi na wasanii mashuhuri mwaka 1887 ukiwa bado unajengwa, na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu. Ulinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu ulifaa kwa mawasiliano ya redio. Mfano wa upande wa pili ni Tilted Arc ya Richard Serra, ukuta wa chuma wenye urefu wa mita zaidi ya 36, uliowekwa kwenye uwanja wa majengo ya serikali huko New York mwaka 1981. Wafanyakazi wa pale walilalamika kwamba uliwakatia njia, mjadala wa hadhara ukafanyika, na mwaka 1989 ukavunjwa vipande na kuondolewa, ingawa mchongaji alishikilia kwamba kuuhamisha ni kuuharibu, kwa vile uliundwa kwa ajili ya mahali pale na si pengine.

Mimi binafsi nadhani wafanyakazi wale walikuwa na hoja kuliko wapinzani wa Eiffel, kwa maana walisema kitu kinachoweza kupimwa: njia imekatika. Nawe jipime vivyo hivyo. Keti mbele ya vyuma vyako kwa nusu saa, uandike hasa kinachokukera: ukubwa, mahali palipochaguliwa, fedha iliyotumika, au kutoulizwa. Nashuku ni hilo la mwisho. Ikiwa ndilo, barua yako ielekee kwa walioamua bila ya kuwauliza wakazi, na sanamu uiache ipumzike.

SWALI: Mimi ni mstaafu, magoti hayaniruhusu kutembea zaidi ya hatua mia mbili, na wajukuu wangu wako mbali. Kiangazi kwangu ni dirisha. Je, una neno lolote kwa watu kama mimi, hasa jioni ambapo hewa hupoa? — *Bibi wa dirishani*

JIBU: Shikamoo, Bibi. Hatua mia mbili zinatosha, ilimradi mwisho wake pawepo kiti. Kama hakipo, hilo ndilo jambo la kuidai mamlaka ya mji, kwa kuwa kazi ya sanaa isiyo na benchi mbele yake imewekwa kwa ajili ya watu wenye magoti mazima tu.

Ukishaketi, tazama watu wanavyoitumia sanamu: nani huweka miadi hapo, nani huegemeza baiskeli, mtoto gani humsalimia mtu wa bronzi kama jamaa yake. Mwaka 2009 Antony Gormley aliyafanya hayo kuwa sanaa yenyewe, katika uwanja wa Trafalgar jijini London, ambako msingi mmoja wa sanamu ulikuwa umejengwa mwaka 1841 ukabaki mtupu kwa zaidi ya karne moja na nusu kwa kukosa fedha za sanamu. Aliwapandisha juu yake watu wa kawaida 2,400, kila mmoja kwa saa moja, usiku na mchana kwa siku 100. Baadhi walicheza ngoma, baadhi walisoma gazeti, na wengine walikaa kimya wakawatazama waliokuwa wakiwatazama. Wewe unayo haya mbele ya dirisha lako bila mtu kuyapanga. Chukua daftari, uandike mambo matatu kila jioni pamoja na saa yake. Ukiweza, wasomee wajukuu kwa simu, uwaache wakuulize kilichotokea kesho yake.

Kwa saa za baada ya magharibi, mwombe jirani akusindikize na tochi. Aielekeze kwenye sanamu kutoka ubavuni, si kutoka mbele, kisha aizungushe polepole. Uso utacheka, utanuna na kuzeeka ndani ya dakika moja, na hata mchongo wa maandishi yaliyofutika machoni pa mchana unaweza kusomeka. Na kama unaishi upande wa kaskazini wa dunia, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti dunia hupita katikati ya vumbi lililoachwa na nyotamkia iitwayo Swift-Tuttle, na vimondo huonekana vikikatiza anga kwa wingi kuliko kawaida, bila ya chombo chochote isipokuwa kiti cha kuegemea. Fanya hayo mawili kwa mpangilio: tochi kwanza, kisha izimwe kabisa, kwa sababu macho huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mmoja wa simu ya jirani utakurudisha mwanzo.